Kutoka Lehemu hadi Mchochota: Historia ya Swali la Ateri za Moyo nchini Uganda, 1956–2023

Ikisiri

Katika miaka ya 1950 madaktari na wataalamu wa patholojia mjini Kampala waliandika kwamba ugonjwa wa ateri za moyo ulikuwa nadra mno miongoni mwa Waafrika wa Uganda. Makala haya yanafuatilia historia ya kauli hiyo. Yanaonyesha kwamba tafiti za Uganda, Kenya na Tanganyika ziliuliza maswali matatu, kuhusu lehemu, bonge la damu na upana wa mshipa, na kwamba maswali hayo yalikuja kuunganishwa baadaye na elimu ya mchochota na ya molekuli zinazobana mishipa. Makala yanahoji kwamba neno "nadra" lilieleza hali ya maisha ya wakati fulani, ila likasomwa kama sifa ya kudumu ya watu. Usomaji huo una gharama katika sera za afya za leo.

1. Utangulizi

Kilima cha Kyambogo kiko mashariki mwa Kampala, upande wa Nakawa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilihamishia hapo mafunzo ya walimu na ya ufundi, na mwaka 2003 taasisi zilizokuwa zimekua juu ya kilima hicho ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Historia ya kilima hiki kwa kawaida husimuliwa kama historia ya elimu. Hata hivyo, inaweza pia kusomwa kama sehemu ya historia ya miili. Walimu, mafundi na makarani walioandaliwa hapo walikuwa watu wa mshahara, wa kazi ya kukaa, wa mkate na sukari ya dukani, na baadaye wa sigara na gari. Maisha ya namna hiyo yalikuwa yanaanza kuenea Kampala wakati uleule ambapo, kilomita chache kutoka hapo, katika Hospitali ya Mulago na Chuo cha Makerere, madaktari walikuwa wakijiuliza kwa nini wagonjwa wao Waafrika hawafi kwa mshtuko wa moyo.

Sadfa hiyo ya wakati ndiyo msingi wa hoja ya makala haya. Waliochunguza hawakuwa wamekosea katika waliyoyaona. Ugonjwa ulikuwa nadra kweli. Tatizo lilianza pale "nadra kwa sasa" ilipogeuka kuwa "haupo kwa Mwafrika". Ili kuelewa kwa nini tofauti hiyo ni nzito, ni lazima kufuatilia kwa pamoja historia mbili: ya uchunguzi uliofanyika Afrika Mashariki, na ya maabara zilizoeleza baadaye kinachotokea ndani ya ukuta wa ateri.

2. Maswali matatu kutoka Afrika Mashariki

2.1 Swali la lehemu

Mwaka 1956 Hugh Trowell, aliyekuwa amefanya kazi Mulago tangu miaka ya 1930 na anayejulikana zaidi kwa utafiti wa kwashiorkor, alichapisha pamoja na Singh taarifa ya mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa wa ateri za moyo. Kwamba mgonjwa mmoja alistahili makala nzima katika jarida la kitabibu ni ushahidi tosha wa hali ya wakati ule. Mgonjwa huyo alikuwa mtu wa tabaka la juu aliyekuwa ameishi Uingereza kwa miaka mingi. Kwa hiyo kisa cha kwanza kilichotangazwa kilikuwa tayari kinaelekeza kidole kwenye mtindo wa maisha.

Miaka mitatu baadaye, 1959, A. G. Shaper na K. W. Jones walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wao juu ya lehemu ya damu, yaani kolesteroli, na chakula kwa Waafrika na Waasia wa Uganda. Jamii hizi mbili ziliishi katika mji mmoja na kupumua hewa moja, lakini Waasia walikuwa wakiugua ugonjwa huu kwa wingi ilhali Waafrika hawakuugua karibu kabisa. Waafrika, waliokula zaidi matoke, viazi vitamu na mihogo, walikuwa na lehemu ya chini. Utafiti huu ukawa nguzo ya nadharia iliyokuwa ikitawala ulimwenguni tangu Nikolai Anitschkow alipowalisha sungura lehemu mwaka 1913 na kuona ateri zao zikiziba.

Shaper hakuishia hapo. Mwaka 1962 alichapisha matokeo ya uchunguzi wa Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, wafugaji walioishi kwa maziwa na nyama. Ikiwa mafuta ya wanyama ndiyo chanzo pekee, Wasamburu walipaswa kuwa na lehemu nyingi. Hawakuwa nayo. Hapo ndipo ufa wa kwanza ulipoonekana katika maelezo yaliyotegemea chakula peke yake.

2.2 Swali la bonge la damu

Mwaka 1960 W. A. Thomas na wenzake, akiwemo J. N. P. Davies wa Kampala, walilinganisha uchunguzi wa maiti wa Uganda na ule wa St. Louis, Marekani. Kati ya maiti 632 za Uganda, moja tu ilikuwa na kovu la mshtuko wa moyo. Kati ya maiti 632 za St. Louis zilizolinganishwa nazo kwa umri na jinsia, 136 zilikuwa na dalili za mshtuko huo. Jambo ambalo limesahauliwa mara nyingi ni kwamba watafiti hawa walichunguza pia mabonge ya damu katika vena na mapafu, na wakakuta kwamba hayo nayo yalikuwa machache zaidi Uganda. Swali lao, kwa hiyo, lilipita mafuta. Waliuliza kama damu yenyewe na ukuta unaoibeba vina tabia tofauti katika mazingira tofauti.

2.3 Swali la upana wa mshipa

Swali la tatu lilitoka kwa Wamaasai. George Mann, aliyekuwa amewapima wanaume wa Kimaasai huko Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1972 matokeo ya uchunguzi wa mioyo na aota za wanaume 50. Alikuta kwamba kuta za ateri zao zilikuwa zimenenepa kwa umri. Ugonjwa wa ukuta ulikuwepo. Hata hivyo mishipa yao ilikuwa imetanuka, na njia ya damu ilibaki wazi. Mann aliihusisha hali hiyo na mwendo mrefu wa kila siku nyuma ya mifugo.

Matokeo haya yana uzito usiopungua ule wa hesabu ya St. Louis. Yanaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa na ukuta mgonjwa na moyo salama, mradi mshipa umebaki mpana. Kwa kanuni ya fizikia ya mtiririko, nusu kipenyo cha mfereji kikipungua kwa nusu, kinachopita hushuka hadi takriban sehemu moja ya kumi na sita. Kubanwa kidogo kwa mshipa uliokwisha kuwa mwembamba kunatosha kuunyima msuli wa moyo damu.

3. Jibu la maabara: utando unaobana na kutanua

Kwa muda mrefu utando wa ndani wa mishipa ya damu, endothelia, ulidhaniwa kuwa kama rangi iliyopakwa ndani ya bomba, usio na kazi yake mwenyewe. Dhana hiyo ilivunjika katika muda wa miaka 15 hivi.

Mwaka 1975 maabara ya Bengt Samuelsson nchini Sweden ilitambulisha thromboksani, molekuli inayotolewa na chembe sahani za damu, ambayo hubana mishipa na kuzishikanisha chembe hizo kuwa bonge. Mwaka uliofuata kundi la Salvador Moncada na John Vane nchini Uingereza lilieleza prostasaiklini, inayotolewa na ukuta wa mshipa na kufanya kinyume chake. Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki walionyesha kwamba mshipa uliokwanguliwa utando wake wa ndani hauwezi kulegea unapopewa asetilikolini. Kilicholegeza kilikuwa kitu kitokacho kwenye utando, ambacho mwaka 1987 kilitambuliwa kuwa nitriki oksidi. Mwaka 1986 P. L. Ludmer na wenzake walipeleka jaribio hilo kwa wagonjwa hai: ateri za moyo zenye afya zilitanuka, zile zenye ugonjwa zikabana. Dawa ileile ilileta matokeo mawili yaliyopingana, kulingana na hali ya utando.

Mwaka 1988 Masashi Yanagisawa, Tomoh Masaki na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, walitangaza endothelini, protini ndogo ya asidi amino 21 inayotengenezwa na utando huohuo. Ni miongoni mwa vibana mishipa vyenye nguvu kupita vyote vinavyojulikana mwilini, na athari yake hudumu muda mrefu. Pamoja na angiotensini II, inayojulikana zaidi kwa kupandisha shinikizo la damu, picha ilikamilika: utando ni kiungo kinachoamua kila dakika kama mshipa utabana au kutanuka, na kama damu itateleza au kuganda.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jibu hili lina maana ya pekee. Maswali ya Kampala kuhusu lehemu na bonge, na lile la Umaasai kuhusu upana, yalikuwa yameulizwa kana kwamba ni matatu. Maabara zilionyesha kwamba yanakutana mahali pamoja. Lehemu ikiharibu utando, nitriki oksidi hupungua na endothelini huongezeka. Mshipa hubana, chembe sahani hushikana, na thromboksani yao huubana tena. Mwendo wa kila siku, kwa upande wake, hukuza uwezo wa utando kutoa nitriki oksidi, jambo linaloafikiana na mishipa mipana ya Wamaasai.

4. Mchochota na kitendawili cha Uganda

Kinachouharibu utando si lehemu kwa kukaa tu. Rudolf Virchow alisema tangu karne ya 19 kwamba ugonjwa huu ni mchochota, yaani mwitikio wa kinga ya mwili kama ule unaoleta joto, wekundu, uvimbe na maumivu katika jeraha. Wazo hilo lilififia wakati wa enzi ya lehemu, likarudi kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 20. Mwaka 1997 Paul Ridker na wenzake walionyesha kwamba wanaume wenye afya waliokuwa na kiwango cha juu cha protini ya CRP, ambayo ni alama ya mchochota, walipata mshtuko wa moyo zaidi baadaye. Mwaka 1999 Russell Ross alitoa muhtasari wa ushahidi na kuuita ugonjwa huu ugonjwa wa mchochota. Lehemu ikipenya ukutani na kuharibika, seli za kinga huifuata, huimeza, hufa na kuacha rundo la mafuta chini ya gamba jembamba. Jumbe za kemikali zinazotolewa na seli hizo hupunguza nitriki oksidi na kuchochea endothelini. Kwa njia hiyo mchochota na kubana kwa mishipa ni mchakato mmoja wenye pande mbili.

Hapa ndipo historia ya Uganda inapoleta kitendawili. Ikiwa mchochota ndio chanzo, basi Uganda ya miaka ya 1950, yenye malaria, minyoo, kifua kikuu na homa ya baridi yabisi, ilipaswa kuongoza duniani kwa ugonjwa wa ateri za moyo. Davies mwenyewe alikuwa ameeleza mwaka 1948 ugonjwa mwingine wa moyo uliokithiri Uganda, ule wa makovu katika utando wa ndani wa vyumba vya moyo. Kinga za miili hiyo zilikuwa kazini usiku na mchana, na bado ateri za moyo zilibaki safi.

Ushahidi unaofanana umetoka mbali, kwa Watsimane wa Bolivia, jamii ya wakulima na wawindaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapima watu wazima 705. Takriban nusu walikuwa na CRP ya juu, lakini asilimia 85 hawakuwa na chokaa yoyote katika ateri za moyo, ambayo ni dalili ya ugonjwa. Lehemu yao ilikuwa ya chini, na siku zao zilijaa kazi za mwili.

Jibu lenye nguvu zaidi kwa kitendawili hiki ni kwamba mchochota ni moto, nao moto bila kuni hauunguzi nyumba. Pale lehemu ilipokuwa chache, shinikizo la damu la chini, sigara haba na mwendo mwingi, mchochota wa maambukizi haukupata cha kushika ndani ya ukuta wa ateri. Mambo hayo yakibadilika, moto uliokuwepo siku zote hupata kuni. Kwa mtazamo huu, maambukizi mengi hayakuwa kinga kwa Waganda. Yalikuwa hatari iliyosubiri.

5. Wakati hali ilipobadilika

Historia ya kisiasa ilikatiza utafiti huu. Shaper alikwenda Uingereza, ambako alianzisha uchunguzi mkubwa wa moyo katika miji ya nchi hiyo. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa Uganda, na ulinganisho wa jamii mbili za mji mmoja ukafutika kwa amri ya serikali. Vita na kuporomoka kwa hospitali vilivyofuata vilimaliza utamaduni wa kuchunguza maiti uliokuwa fahari ya Mulago. Matokeo yake ni kwamba maarifa yalibaki pale yalipoachwa: vitabu viliendelea kusema "nadra" wakati waliohesabu hawakuwepo tena kuhesabu.

Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa mwaka 1988 na kupewa sheria yake mwaka 2016. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 juu ya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba asilimia 26.4 ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kati yao asilimia 7.7 tu ndio waliojua. Takwimu hii ya pili ndiyo inayopaswa kumshtua mshauri wa sera. Nchi inayoamini kwamba ugonjwa wa ateri ni wa wengine haina sababu ya kuwapima watu wake.

UKIMWI uliongeza jambo ambalo kizazi cha Trowell hakikuweza kuliona. Mtu anayeishi na VVU, hata akitumia dawa vizuri, hubaki na mchochota wa chinichini na huwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa ateri. Jaribio la REPRIEVE, lililochapishwa mwaka 2023, liliwahusisha watu 7,769 wanaoishi na VVU katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo. Waliopewa pitavastatini, dawa ya kupunguza lehemu, walipata matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 35. Kuni zilipunguzwa, na moto ukapoteza nguvu.

6. Mafunzo kwa sera na kwa lugha

Funzo la kwanza linahusu uchaguzi wa dawa. Jaribio la CANTOS la mwaka 2017, lenye wagonjwa 10,061, lilithibitisha kwamba kuzuia ujumbe mmoja wa mchochota kwa dawa ya kanakinumabu hupunguza matukio ya moyo bila kugusa lehemu. Lakini liliongeza vifo vya maambukizi. Kolchisini, dawa ya kale na rahisi, ilionyesha manufaa mwaka 2019 na 2020, kisha jaribio kubwa la mwaka 2024 likashindwa kuyaona kwa wagonjwa waliotoka kupata mshtuko. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi, kudhoofisha kinga si jambo la kuigwa kwa haraka. Busara ya historia ya Uganda ni kuanza na kuni: kupima na kutibu shinikizo la damu, kutekeleza Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, na kufikisha dawa za lehemu katika kliniki za VVU ambazo tayari zina mtandao wa nchi nzima. Dawa nyingi za upande wa kubana, kama aspirini inayozuia thromboksani na zile zinazozuia angiotensini, ni za zamani na za bei nafuu.

Funzo la pili ni la takwimu. Kauli ya "nadra" ilijengwa juu ya maiti zilizofunguliwa na kuhesabiwa, na haiwezi kusahihishwa kwa makisio. Mulago inahitaji tena uchunguzi wa maiti na daftari la mshtuko wa moyo.

Funzo la tatu linawahusu moja kwa moja wataalamu wa Kiswahili, lugha iliyotajwa kuwa ya pili rasmi katika katiba ya Uganda mwaka 2005 na ambayo Baraza la Mawaziri liliamua kuikuza rasmi mwaka 2022. Neno "mshtuko wa moyo" lina mtego: msikilizaji wa kawaida hulihusisha na habari mbaya ya ghafla, si na miaka 20 ya ukuta unaochochotwa. "Presha" nayo husemwa kama kitu kinachopanda siku ya hasira na kushuka siku ya amani. Maneno haya yanaficha muda mrefu wa ugonjwa, na muda huo ndio nafasi pekee ya kinga. Lugha inayo nyenzo za kusema vizuri zaidi: mchochota, kubana, kutanuka, kuganda. Kinachokosekana ni kuziingiza katika vitabu vya shule na katika mafunzo ya walimu.

7. Hitimisho

Wachunguzi wa Kampala wa miaka ya 1950 waliona kwa usahihi kwamba ateri za Waganda zilikuwa salama. Elimu ya mchochota na ya molekuli zinazobana mishipa imeonyesha kwamba usalama huo ulitokana na lehemu chache, mwendo mwingi na shinikizo la chini, mambo ambayo mshahara, mji na duka vinaweza kuyaondoa katika kizazi kimoja au viwili. Walimu wanaofundwa Kyambogo leo wanaishi maisha ambayo mgonjwa wa mwaka 1956 aliyafuata Uingereza. Sera inayotumia neno "nadra" bila kutaja mwaka wake inawaacha bila kupimwa.